Bonasi, sifa au uhuru: uanze na kipi unapotaka kuinua timu?

Nilipokabidhiwa timu ya watu 11 wa huduma kwa wateja, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwa mkuu wangu kuomba fedha za bonasi. Simu zilikuwa zinachelewa kupokelewa, watu walikuwa wamepoa, nami niliamini kwamba pesa kidogo ingewachangamsha. Nikapewa. Utaratibu ukawa huu: kila mwisho wa mwezi, watatu waliopokea simu nyingi kuliko wenzao wanaongezewa.

Mwezi wa kwanza takwimu zilipanda nikaona nimepatia. Mwezi wa pili dada mmoja, mkongwe kuliko sisi wote pale, akaniomba dakika tano. Mkononi alikuwa na daftari la jalada la kijani. Ndani yake aliandika, kwa kalamu nyekundu, kila mteja aliyepiga tena kwa tatizo ambalo mwenzetu mwingine alikuwa ameshalipokea siku moja au mbili kabla. Kurasa nne zilikuwa zimejaa.

“Bosi,” akaniambia, “nikimsikiliza mteja mpaka mwisho, nakosa bonasi. Nikimkatisha, kesho anapiga tena, na sisi tunahesabu simu mbili. Niambie nifanye lipi.”

Sikuwa na jibu siku ile. Ulinganisho huu ni ule ambao ningetaka kuwa nao kabla sijapanda ngazi kwenda kuomba zile fedha. Nalinganisha njia tatu ambazo karibu kila msimamizi anazo mkononi, kwa kiasi kidogo au kikubwa: malipo ya ziada, sifa, na uhuru wa mtu kuamua mambo ya kazi yake.

Kabla ya yote, mshahara wenyewe

Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayofaa kitu pale ambapo mshahara unachelewa, au wawili wanaofanya kazi ileile wanalipwa tofauti bila sababu inayoelezeka. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza ni lini waliifurahia kazi kupita kawaida na ni lini iliwachukiza. Yaliyochukiza yalikuwa taratibu mbovu za kampuni, usimamizi mbaya, malipo na mazingira. Yaliyofurahisha yalikuwa kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe na kupewa dhamana. Utafiti ule umekosolewa, na kwa haki, maana mtu ana desturi ya kujipa sifa kwa mazuri na kuwatwika wengine mabaya. Lakini msimamizi yeyote aliyekaa na watu ataitambua sura yake. Ukirekebisha ratiba ya zamu inayobadilishwa usiku wa kuamkia zamu yenyewe, manung’uniko yanaisha. Mtu haanzi kuipenda kazi kwa sababu hiyo, ila sasa unaweza kuzungumza naye mambo mengine.

Henry Ford aliujua uzito wa malipo ya msingi kwa njia ngumu. Mwaka 1913 watu waliacha kazi kwenye kiwanda chake cha magari kwa kiwango cha 370% kwa mwaka, yaani ni kama kila nafasi ilijazwa upya karibu mara nne. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ujira uliokuwapo, na siku ya kazi ikapunguzwa kutoka saa 9 hadi 8. Malipo yale yalikuja na masharti yaliyoingilia hata maisha ya mtu nyumbani kwake, jambo ambalo simshauri mtu kuliiga. Lakini wimbi la kuacha kazi lilishuka sana, na hakulazimika kumshindanisha mtu na jirani yake kwenye mstari wa kuunganisha magari.

Kwa hiyo ukikuta msingi una ufa, fedha ulizopata peleka huko kwanza. Kama huna mamlaka juu ya mishahara, mpelekee mwenye mamlaka hoja yako kwa maandishi, na uwaambie watu wako umeipeleka.

Malipo ya ziada

Sitaki kuisema vibaya bonasi kana kwamba haina mahali pake. Inapo. Miaka ya 1994 na 1995 kampuni ya Marekani ya kufunga vioo vya magari, Safelite Glass, iliwatoa mafundi wake kwenye malipo ya saa na kuwaweka kwenye malipo ya kila kioo kilichofungwa. Mwanauchumi Edward Lazear aliifuatilia, akakuta kazi kwa kila fundi iliongezeka kwa 44%. Karibu nusu ya ongezeko ilitokana na fundi yuleyule kuongeza bidii. Sehemu nyingine ilitokana na wachapakazi kuvutiwa na kampuni.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Kioo kimoja kinafungwa na mtu mmoja. Kinahesabika. Kikifungwa vibaya kitavuja, na inajulikana nani alikifunga. Fundi hahitaji kumsubiri mwenzake wala mwenzake hamhitaji yeye. Kazi yako ikiwa na sifa hizo, lipa kwa kipimo wala usione haya.

Simu za wateja hazina sifa hata moja kati ya hizo, isipokuwa kwamba zinahesabika. Hapo ndipo nilipokosea. Bonasi huwa inasema na watu, na inayosema ni moja tu: fanyeni hiki kinachohesabiwa. Mambo mengine yote unayoyataka, uvumilivu, kumwelekeza mgeni, kumpasha habari mtu wa zamu inayofuata, yanageuka kuwa hasara ya anayeyafanya. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilifika mbali zaidi kwenye njia hiyo. Wafanyakazi walibanwa na malengo ya mauzo mpaka wakawa wanafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi kwa mambo hayo. Ninaposoma habari ile siwafikirii wezi 5,300. Nafikiria vikao vya asubuhi, mtu anaulizwa mbele ya wenzake jana umefungua ngapi.

Kuna hasara nyingine iliyo ya taratibu zaidi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la vipande vya kupanga. Kundi moja lililipwa kwa kila fumbo walilofumbua, kisha malipo yakaondolewa. Walipoachwa peke yao na muda wa kufanya watakalo, waliowahi kulipwa waligusa fumbo kwa muda mfupi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Jambo walilokuwa wakilifanya kwa kulipenda lilikuwa limeshageuka kibarua. Mwaka 1999 yeye na wenzake walikusanya tafiti 128 za aina hii. Zawadi zilizoahidiwa mapema zilipunguza hamu ya mtu kwa kazi iliyokuwa ikimvutia yenyewe; maneno ya kumweleza mtu alichofanya vizuri yaliiongeza.

Na ukishaitoa, bonasi haiondoki kirahisi. Baada ya miezi sita watu wameshaipangia ada na kodi. Ukiikata, machoni pao umekata mshahara.

Sifa

Chanda chema huvikwa pete, ndivyo wazee walivyosema, na methali ile inazungumza juu ya kidole kimoja chenye sababu ya kuvikwa. Mahali pengi pa kazi pete imegeuka ya zamu: mfanyakazi bora wa mwezi anachaguliwa kwa kuangalia nani bado hajapata. Kila mtu anajua. Picha inabandikwa ukutani, makofi yanapigwa, na aliyebeba kazi ngumu mwezi ule anarudi kwenye kiti chake akiwa amepoa zaidi.

Sifa inayofanya kazi ni ya kitu kimoja kinachoonekana. Linganisha kauli hizi mbili. “Kazi nzuri jamani, tuendelee hivyohivyo.” Na hii: “Barua uliyomwandikia yule mteja jana, pale aya ya pili ulipokiri kosa letu kabla hajauliza, ndiyo iliyomtuliza. Nimeiweka tuwaoneshe wapya.” Ya kwanza ni salamu tu. Ya pili inamwonesha mtu kwamba umesoma kazi yake, na inamwambia afanye nini tena kesho. Haikugharimu pesa. Ilikugharimu kusoma barua nzima, na gharama hiyo ndiyo wasimamizi wengi tunaikwepa.

Wakati mwingine sauti yako wewe msimamizi si ndiyo inayohitajika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Adam Grant na wenzake waliwakutanisha watu waliokuwa wakipiga simu kuchangishia chuo fedha na mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa kwa michango ya aina hiyo. Mazungumzo yalichukua kama dakika tano. Mwezi mmoja baadaye, muda waliokaa kwenye simu kwa wiki ulikuwa umezidi mara mbili, na fedha walizochangisha zilikuwa zimeongezeka kwa 171%. Mshahara ulikuwa uleule na msimamizi yuleyule. Walikuwa wamemwona mtu ambaye kazi yao ilimfikia.

Mipaka ya sifa ni miwili. Mtu mwenye deni la mshahara wa miezi miwili ukimwita mbele umsifu, umemdhihaki. Na wapo wasiopenda kuitwa mbele hata kidogo. Hao waambie faraghani, au kwa ujumbe mfupi ulioandikwa vizuri.

Uhuru wa kuamua

Njia hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine, na ndiyo inayoharibiwa vibaya zaidi. Nitakaa nayo kidogo.

Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichojulikana kwa utoro, ugomvi na magari mabovu. Kilifungwa mwaka 1982. Miaka miwili baadaye kilifunguliwa kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale wa zamani, pamoja na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kuongozwa. Watu waliwekwa katika timu ndogo. Kila mmoja kwenye mstari alikuwa na kamba ya kuvuta akiona kasoro, na kiongozi wa timu alikuja mbio kumsaidia. Isipotatuliwa kwa wakati, mstari mzima unasimama. Huko nyuma, kuusimamisha mstari ilikuwa hatari ya kupoteza kazi. Utoro ambao zamani ulifikia 20% ulishuka hadi asilimia chache, na magari yaliyotoka pale yakashindana na yale ya Japani kwa ubora.

Ile kamba inaeleza mengi. Mtu wa chini kabisa alipewa uamuzi wenye gharama kubwa, akafundishwa lini autumie, na alipoutumia alikuja mtu kumsaidia badala ya kumfokea. Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, uhuru unakuwa jina tu.

Wasimamizi wengi wakisikia “wape uhuru” wanaelewa “waache”. Kuacha ni jambo jingine, na lina historia yake. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha majaribio yao juu ya vikundi vya wavulana wa miaka 10 wakifanya kazi za mikono chini ya viongozi wa aina tatu. Aliyeamrisha kila kitu alipata kazi, lakini akitoka chumbani kazi inasinyaa. Aliyeshauriana na watoto, kazi iliendelea hata akiwa nje. Aliyekaa kimya na kuwaachia kila kitu alipata kazi chache na mbovu zaidi. Watoto si wafanyakazi, lakini mimi nimewahi kuwa yule wa tatu. Nilimwachia kijana mpya ripoti ya robo mwaka nikijivuna kwamba namwamini, naye akakaa siku tisa bila kujua aanzie wapi, akiogopa kuniuliza kwa sababu nilishasema namwamini.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mtu mpya kazini, zile siku mbili ni muhimu sawa na jembe lenyewe. Mwoneshe, fanya naye, mtazame akifanya, kisha ondoka. Paul Hersey na Ken Blanchard walilieleza wazo hilo mwaka 1969: kiasi cha kuelekeza kifuate uwezo na utayari wa mtu katika kazi husika. Maneno “kazi husika” yana uzito, maana mhasibu wa miaka kumi ni mgeni kabisa siku anapopewa kuongoza kikao na wateja.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa kasi, bonasi inaongoza. Unaona mabadiliko ndani ya wiki. Sifa huchukua muda kidogo kwa sababu watu wanapima kwanza kama unamaanisha. Uhuru ndio wa polepole kuliko zote, na miezi miwili ya mwanzo mambo yanaweza hata kurudi nyuma, hasa kwa watu waliotoka kwa bosi aliyewaadhibu kwa kila kosa. Watakuuliza kila kitu. Wajibu kwa swali: wewe ungefanyaje? Halafu afanye hivyo.

Kwa gharama, bonasi inatafuna bajeti, sifa inatafuna macho na masikio yako, na uhuru unatafuna ile raha ya kuwa wewe ndiye unayeulizwa. Hii ya mwisho inaonekana ndogo mpaka ikupate.

Kwa madhara zinapotumika vibaya, bonasi ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa inaweza kuwafundisha watu waaminifu kudanganya takwimu. Sifa ya bandia inachosha tu. Uhuru usio na mipaka unaleta makosa, na makosa mengi ya aina hiyo hurekebishika mipaka ikiandikwa.

Ukitaka kuchanganya, changanya kwa uangalifu. Ukiwapanga watu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kuwalipa kwa nafasi zao, huku ukiwataka washirikiane, nafasi zitashinda. Microsoft iliwapanga wafanyakazi wake hivyo kwa miaka mingi, ikaacha Novemba 2013 na kusema inataka kuhimiza kazi ya pamoja.

Wewe uchague ipi

Usianze na njia. Anza na mtu mmoja aliyepoa, ukae naye, ujue kama hajui, hawezi kwa sababu kuna kitu kinamzuia, au hataki tena.

Asiyejua hahitaji yoyote kati ya hizi tatu. Mfundishe. Fedha za bonasi kwa mtu asiyejua zinamwongezea hofu, na sifa zinamfanya afiche.

Anayezuiwa ndiye niliyemkuta mara nyingi zaidi ya nilivyodhani. Anajua, anataka, lakini kila uamuzi lazima upite kwa watu watatu, au kompyuta yake inachukua dakika kumi kuwaka. Huyo mwondolee kizuizi na umpe mamlaka. Hapa uhuru unashinda bila mjadala.

Asiyetaka tena, muulize alianza kutotaka lini. Karibu kila mara ipo siku: alinyimwa cheo bila kuelezwa, kazi yake ilisomwa kikaoni kwa jina la mtu mwingine, aliomba ruhusa ya msiba akaulizwa maswali. Huyo hana njaa ya bonasi, ana dai. Ukilikiri na kulirekebisha, sifa ya kweli itaanza kumfikia. Ukiruka hatua hiyo, hata ukimwongezea pesa atazipokea na kuendelea kutafuta kazi kwingine.

Bonasi ya mtu mmoja mmoja iache kwa kazi ya aina ya vile vioo. Kama kazi ni ya pamoja na fedha zipo, ziwe za timu nzima, kwa kipimo ambacho mteja wako angekikubali akikiona.

Kwetu ilituchukua karibu robo mwaka kurekebisha. Niliwaambia watu kikaoni kwamba kile kipimo nilikichagua mimi na nilikosea, kisha tukakaa wote 11 kuandika kipya: matatizo yaliyomalizika kwa simu moja, bonasi ikigawanywa sawa kwa timu. Wakongwe wanne walipewa kiwango cha fedha wanachoweza kumrudishia mteja bila kuomba saini ya mtu. Wiki mbili za mwanzo bado walikuja mezani kwangu kuuliza, mmoja akiwa amekwisha jaza fomu na anachohitaji ni kutikisiwa kichwa. Wiki ya tatu wakaacha.

Yule dada nilimwomba asiache kuandika kwenye daftari la kijani. Kila Ijumaa saa tisa analileta, tunasoma majina ya waliopiga tena wiki hiyo, na timu inaamua nani atampigia nani kabla hatujafungua takwimu yoyote.